Alhamdulillahi Juu ya Mashine

Karatasi niliyopewa ilikuwa na maagizo saba, yameandikwa kwa Kiswahili cha mtu aliyekutana nacho ukubwani na wasipatane. Mimi nilifundisha shule za msingi hapa Msambweni kwa zaidi ya miaka thelathini, na mkono wangu bado huwashwa nikiona makosa. Kwa hiyo kabla ya kujua karatasi inataka nini, nilitafuta kalamu nyekundu. Nilisahihisha agizo la kwanza, la pili, la tatu, hadi la tano. La sita nililipitia juu juu. La saba sikulifikia, kwa kuwa hasira zilikuwa zimeniishia na chai ilikuwa imeletwa.

Chai yenyewe ilikuwa imekatazwa na agizo la kwanza, lakini hilo lilianza kesho yake.

Sikwenda kupimwa moyo kwa hiari yangu. Mke wangu ndiye aliyenichongea. Tulikwenda kwa daktari kutazamwa presha, kama tufanyavyo kila baada ya miezi michache, na daktari akaniuliza kama nina tatizo jingine lolote. Nikasema sina, namshukuru Mungu. Mke wangu, ambaye hakuulizwa, akadakia kwamba tangu Ramadhani mimi siwezi kutoka nyumbani nikafika msikitini bila kusimama mara mbili, na kwamba nikisimama najifanya natazama mihogo ya jirani. Nilimkata jicho ambalo lingelinyamazisha darasa zima la saba. Yeye akaongeza kwamba kaka yangu alifariki kwa moyo mwaka uliopita. Daktari akaacha kuandika alichokuwa akiandika, akachukua karatasi nyingine. Nikapigwe picha ya moyo, akasema, kisha nitembezwe juu ya mashine nikiwa nimefungwa nyaya, ionekane kama moyo wangu nao una ugonjwa wa kaka yangu.

Nilijua unao. Hilo ndilo nililokuwa nikilitazama kwenye ile mihogo.

Habari zikafika barazani kabla yangu. Sisi watu wa baraza tuna wasomi wengi ambao hawakusoma. Nilipokataa kikombe cha kahawa alasiri ya kuamkia kipimo na kueleza kuwa hairuhusiwi kahawa wala chai wala soda siku nzima kabla ya kipimo, kila mmoja akawa daktari. Wa kwanza alisema kahawa iliyotiwa tangawizi si kahawa, ni dawa. Wa pili alisema chai ya rangi haihesabiwi, kinachodhuru ni maziwa. Wa tatu, ambaye meno yake yote yamekwenda kwa halua na bado anaitetea, alisema hospitali inakataza kahawa ili mtu afike pale mnyonge, aonekane mgonjwa. Walikubaliana na huyo. Nikawaacha na ujinga wao na kichwa kikiniuma kwa kukosa kahawa, na hilo likaniudhi zaidi, kwa sababu nilikuwa nimewaambia kuwa naweza kuiacha nikitaka.

Nyumbani mambo hayakuwa bora. Agizo la tatu lilitaka viatu vya raba na nguo nyepesi. Mimi huvaa ndara na kanzu, na siku za harusi huvaa viatu vya ngozi ambavyo vinanichukia. Mkwe wangu, anayefanya kazi ya hoteli kule Diani na kuzungumza kana kwamba kila mtu ni mgeni aliyeshuka sasa hivi kwenye ndege, aliniletea raba nyeupe, kubwa kama mikate.

"Baba, hizi ni original," akasema. "Kuna mgeni aliziacha chumbani. Wewe relax tu, ni kitu simple sana."

Nilizivaa nikajitazama. Mwalimu mstaafu, suruali ya mazoezi ya mjukuu wangu, viatu vya mtalii. Mke wangu aligeuka upande wa ukuta mabega yakimtikisika.

Halafu ikaja chupa. Ililetwa kutoka Mkwiro, kwenye kisiwa cha Wasini, na shemeji yangu, mjane wa kaka. Hakuja mwenyewe. Aliikabidhi kwa mtu aliyekuwa anavuka kuja Shimoni, naye akamkabidhi mwingine, mpaka ikafika mlangoni kwangu imefungwa kwa kitambaa: mafuta ya habasoda yaliyosomewa dua, nipake kifuani asubuhi ya kipimo. Agizo la nne lilikataza mafuta kifuani, kwani vile vibandiko vya nyaya havishiki kwenye ngozi yenye mafuta. Nilifurahi kuwa na sababu ya maandishi. Niliiweka chupa juu ya kabati nikasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba kama mafuta ya habasoda yangekuwa na kazi, mumewe angekuwa hai.

Mke wangu hakucheka hapo. "Mwalimu," aliniambia, "ulimi wako huo ulishatutenga na yule mama mara moja. Wataka mara ya pili?"

Alikuwa anakusudia matanga ya kaka. Nitaeleza, ingawa habari yenyewe hainipambi.

Kaka yangu alinizidi miaka minne. Aliolea Mkwiro akafungua duka dogo, akauza unga, sukari na mafuta ya taa mpaka siku yake ya mwisho. Kila asubuhi baada ya sala nilikuwa nampigia simu. Namwuliza, "Waamkaje?" Naye hujibu, "Salama, alhamdulillahi." Asubuhi ya Ijumaa ile nilimpigia kama kawaida, akajibu kama kawaida, nikamwambia haya, mchana mwema, nikakata, maana chai yangu ilikuwa inapoa. Kabla ya sala ya Ijumaa alikuwa amekwisha fariki. Shemeji alitusimulia baadaye kwamba wakati ananijibu ile simu alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, shati limelowa jasho mpaka kiunoni. Kifua kilikuwa kikimbana tangu Jumatano. Hakuna aliyeambiwa. Kila aliyemwuliza alijibiwa kuwa ni mzima.

Mimi nilishikwa na hasira, si huzuni. Huzuni ilikuja nyuma, ikakuta kiti kimekaliwa. Miaka yote nimeandika ubaoni kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, watoto wakiimba pamoja, na damu yangu mwenyewe ikafa hivyo hivyo kwa upumbavu. Nikiwa nimekaa na wanaume pale matangani, kikombe mkononi, nikasema, "Huyu hakufa kwa moyo. Huyu kafa kwa adabu."

Wawili watatu wakacheka. Upande wa pili wa pazia walikuwa wamekaa wanawake, na mbele yao amekaa mjane. Pazia ni nguo tu. Tangu siku ile shemeji hakutia mguu nyumbani kwangu, na mimi, kwa kuwa nilichosema kilikuwa kweli, sikwenda kumwomba radhi.

Basi siku ikafika. Tulikwenda Ukunda mapema, tumbo tupu, kwani agizo la pili lilikataza kula kwa saa nne, na mkwe wangu njia nzima alikuwa akiniuliza kama nitaweza, mimi ninayefunga mwezi mzima na siku sita za Mfunguo Mosi juu yake. Kituo chenyewe kilikuwa ghorofani. Yaani wagonjwa wa moyo wanapandishwa ngazi. Nilisimama katikati ya ngazi nikasoma tangazo la kuuza kiwanja mara mbili, na mke wangu akasimama nyuma yangu akalisoma pia.

Mpimaji alikuwa kijana wa bara, shati limechomekwa vizuri, kidevu hakina unywele. Aliniamkia kwa kunipungia mkono. "Mzee, karibu, uko poa?" Shikamoo ilikuwa imebaki huko alikotoka. Nikamwambia niko salama. Akanivua fulana, akanilaza ubavu wa kushoto, akanimwagia kifuani kitu baridi cha kuteleza, na kuanza kunikandamiza mbavu kwa kidude kama brashi ya kufulia. Hiyo ndiyo picha ya moyo. Aligeuza kioo nami nione. Nilitarajia kitu cha heshima. Nikaona kitu cha kijivu, kinafumba na kufumbua kama mdomo wa samaki aliyetupwa mchangani. Ndicho hiki? Hiki ndicho tulichokitungia mashairi? Nikamwambia azime.

"Bado kidogo, mzee. Moyo iko sawa ukilala. Sasa tutaona ukitembea."

Akaninyoa kifua, mabaka mabaka, kama shamba lililofyekwa na mvivu. Akabandika vibandiko, akafunga nyaya, akanizungushia mkanda wa presha mkononi. Kisha akanipeleka kwenye mashine.

Mashine ile naifahamu. Ninaiona kupitia madirisha ya hoteli Diani: wazungu wamesafiri usiku kucha kufuata ufuo mweupe, halafu wanafungiwa chumba cha baridi kutembea juu ya ukanda usiokwenda popote, ufuo ukiwatazama. Siku zote nimewahesabu kuwa wapungufu. Nikapanda. Daktari aliyesimamia, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani, alikaa kwenye kona na kioo chake. Kijana akasimama ubavuni kwangu.

"Mzee, hii itapanda kila dakika tatu. Mlima inaongezeka, speed inaongezeka. Ukiskia kifua inauma, unasema. Sawa?"

Nikaitikia sawa. Nilichokuwa nikifikiri ni kwamba kifua hakijawahi kuwa na ngeli hiyo.

Ukanda ukaanza kutembea nami nikatembea. Dakika mbili za kwanza nilimdharau aliyeubuni. Kisha mlima ukaongezeka, na pale pale, kama mgeni anayejua njia, ikaja. Ilianza katikati ya kifua, ikakaa kama mtu ameweka kinu juu yangu, na mkono wa kushoto ukawa mzito.

"Mzee, uko sawa?"

"Alhamdulillahi."

Nataka mtu asiyetoka kwetu anielewe, ingawa wengi wao sidhani wanajishughulisha. Kwetu mtu hamjibu mwenziwe kwa kumbwagia maradhi yake mlangoni. Unaulizwa hujambo, unajibu sijambo, hata kama umebebwa kwa machela. Unaulizwa waonaje, unajibu namshukuru Mungu. Kisha aliyekuja anakaa, anapumzika, anauliza kwa mara ya tatu, na sasa ameinamisha sauti, na hapo ndipo unapomwambia: isipokuwa hiki kifua. Ukweli huja katika raundi ya tatu. Watoto nimewachapa kwa kuuleta katika ya kwanza. Mtu mwungwana anajua kuisubiri raundi ya tatu, na anayeuliza anajua kuifikia.

Yule kijana hakuwa na raundi ya tatu. Aliuliza mara moja, akatazama mkanda wa presha, akaandika, akageuka.

Mlima ukapanda tena. Jasho likanitoka mpaka kwenye zile raba za mtalii.

"Mzee, bado uko sawa? Hakuna maumivu?"

"Twashukuru."

Niliisikia sauti yangu ikitoka. Ilikuwa nzuri, ya upole, imenyooka. Ilikuwa sauti ya kaka yangu kwenye simu. Nilijua hivyo papo hapo, juu ya ukanda ule, na mtu angedhani kulijua kungenifungua kinywa. Hakukunifungua. Nilishika ule mwimo wa chuma mbele yangu kwa mkono mmoja na kuendelea kutembea. Nilikuwa na hofu ya kufa, naisema wazi, lakini nilikuwa na aibu zaidi ya kumlilia mtoto asiyejua kuamkia.

Aliyezima mashine ni yeye. Alikuwa ametazama karatasi iliyokuwa ikitoka na ile mistari yake, kisha akanitazama usoni, kisha akapiga kitufe kabla daktari hajasema neno.

"Mzee," akasema, akinishika kwapani nisianguke, "mdomo inasema alhamdulillahi, moyo inasema kitu ingine. Mimi nisikilize nani?"

Sikusahihisha.

Walinilaza. Daktari akaninyunyizia dawa chini ya ulimi, na kile kinu kikaondolewa polepole. Akaniuliza maumivu yalianza lini. Nikasema yamekwisha, namshukuru. Akauliza tena, lini. Nikasema dakika ya tatu. Akaandika, akatazama saa yake. Nilikuwa nimetembea nayo dakika tano nzima.

Alinieleza taratibu. Mshipa mmoja au zaidi unaolisha moyo umekuwa mwembamba. Nikienda haraka au nikipanda mlima, damu haitoshi. Nitaanza dawa leo, na wiki ijayo niende Mombasa nikapigwe picha ya mishipa yenyewe, waone kama patafunguliwa. Bado kuna nafasi, alisema. Lakini kuanzia sasa nisipowaambia panaponiuma, hakuna mashine itakayonisaidia, kwa sababu nyumbani sitakuwa na mashine.

Nikiwa pale kitandani mke wangu aliingia na ile karatasi ya maagizo, akaniwekea kifuani, kidole chake kwenye mstari wa mwisho. Agizo la saba: Ukisikia maumivu wakati wa kipimo, usivumilie, sema hapo hapo. Nilitafuta kosa. Halikuwa na kosa hata moja. Ni mimi niliyewaambia watoto miaka yote hiyo wasome karatasi mpaka mwisho kabla ya kuanza kujibu, na waliopuuza niliwaita punda.

Nilipolala nyumbani nikisubiri safari ya Mombasa, watu walikuja kunijulia hali. Wale wa baraza walikuja na kusema ni kukosa kahawa kulikoniangusha. Mkwe wangu alikuja na kusema siku hizi moyo ni kitu simple. Wote waliniuliza u hali gani, wote nikawajibu alhamdulillahi, wote wakaridhika, wakahamia kwenye habari za bei ya sukari kule Lunga Lunga. Nilikuwa nawatazama na kuwadharau. Hakuna hata mmoja aliyefika raundi ya tatu.

Siku ya nne, mchana, nilisikia hodi ya sauti niliyokuwa sijaisikia tangu matanga. Mke wangu akamfungulia. Shemeji aliingia na buibui lake lina chumvi ya maji kwenye pindo, maana ametoka Mkwiro akavuka mpaka Shimoni na kuja moja kwa moja. Alisimama kizingitini mwa chumba.

"Hujambo, shemeji?"

"Sijambo, shemeji. Alhamdulillahi."

"Waonaje?"

"Twashukuru."

Akavua viatu, akavuta kiti, akakaa karibu na kichwa changu. Juu ya kabati aliiona chupa yake na kitambaa chake, haijafunguliwa, akaitazama na kuiacha. Alikaa mpaka pumzi yake ikatulia. Kisha akainama.

"Haya," akasema kwa sauti ndogo. "Waumwa wapi?"

Nikamwambia. Nikamwonyesha mahali kwa mkono, na mkono wa kushoto unavyokuwa mzito, na jasho. Nikamwambia tangu Ramadhani, na kuhusu mihogo, na ngazi, na mashine, na kwamba niliogopa. Nilisema maneno mengi kuliko niliyosema mwezi mzima, na sikulia, ila machozi yalikuwa yakimwagika yenyewe. Yeye alikuwa anaitikia kwa kichwa kila ninapofika mahali anapopajua.

Nikamwambia nisamehe kwa lile neno la matangani.

Alinyoosha upande wa shuka uliokuwa umejikunja, akaupigapiga kwa kiganja.

"Ile Ijumaa," akasema, "ulipompigia simu. Ulimwuliza mara ngapi?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai.

"Mara moja, shemeji," nikasema. "Mara moja tu."